JE, WAJUA? Ukiingia mara moja, nani analinda mlango?

Je, wajua kwamba Kigoma ya Tanzania na Rumonge ya Burundi zinatazama ziwa moja, Tanganyika, lakini saa zao zinapishana? Kigoma ikiwa saa tatu usiku, Rumonge ni saa mbili. Na kompyuta hujali saa kuliko unavyodhani. Kerberos, mfumo uliozaliwa chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980 ili mtu aandike nenosiri mara moja na kufunguliwa huduma zote, kwa kawaida hukataa ombi ikiwa saa ya kompyuta imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Anayetoka Kigoma akabadilisha ukanda wa saa hana tabu, kwa kuwa ndani kwa ndani kompyuta huhesabu saa ya dunia. Anayeirudisha saa nyuma kwa mkono bila kugusa ukanda ndiye atakayegomewa, hata nenosiri liwe sahihi.

Je, wajua kwamba tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa viraka vya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za magharibi mwa Marekani? Rumonge hapo ni saa moja au saa mbili usiku, kutegemea majira ya kwao. Ofisi zimefungwa, boti za ndagala ndiyo kwanza zinawasha taa. Kasheshe ni kwamba kiraka humwonyesha mwizi tundu lilipokuwa. Fundi akifika kazini Jumatano asubuhi, wadukuzi wamekesha wakikisoma.

Je, wajua kwamba mwaka 2023 wadukuzi walijitengenezea vibali vya kuingilia kwa ufunguo mmoja wa Microsoft, wakasoma barua pepe za taasisi zaidi ya 20, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikiwemo? Kubadilisha nenosiri kusingezisaidia taasisi hizo kitu.

Mwaka huohuo, LemonLDAP::NG, programu ya Kifaransa ya kuingia mara moja inayotumiwa na Gendarmerie ya Ufaransa, ilikutwa na mwanya uliomwezesha mtu kuiruka hatua ya pili ya uthibitisho, ile ya tarakimu za kwenye simu. Kasoro ikapewa namba CVE-2023-28862 na kuzibwa katika toleo la 2.16.1. Mtumiaji wa kawaida hakuwa na la kufanya. Usalama wake ulikuwa mikononi mwa fundi wa seva.

Je, wajua kwamba Julai 2023 Wakenya walikwama kwa pasipoti, viza na leseni kwa sababu mlango mmoja, tovuti ya huduma za serikali ya eCitizen, ulifurikishwa maombi bandia? Kundi la Anonymous Sudan lilijitangaza kuhusika. Viraka haviponyi mafuriko ya namna hiyo, ila somo la mlango mmoja ni lilelile: ukikwama, kila kilicho nyuma yake hukwama.

Na je, wajua kwamba Debian 10, mfumo wa bure uliobeba seva nyingi za kuingia mara moja, iliacha kupata viraka vya bure Juni 30, 2024? Seva yake itawaka, itafungua milango, haitalalamika. Wewe unayeshika seva ya shule, hospitali au ushirika hapo Rumonge au Nyanza-Lac, andika cat /etc/os-release usome namba ya toleo. Ukikuta Debian 10, ihamishie toleo jipya kabla ya Jumanne ijayo.