Chanjo ya Ng'ombe Iliyorudisha Miti Serengeti

Mgeni aliyefika Serengeti karibu mwaka 1960 alikuta nyumbu wapatao robo milioni, nyasi ndefu na mioto mikubwa kila kiangazi. Angeweza kuapa kwamba mbuga iko katika hali yake ya asili. Kumbe ilikuwa inaumwa.

Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, iliingia Afrika mwishoni mwa karne ya 19, ikafyeka ng'ombe wa wafugaji pamoja na nyati na nyumbu. Kwa miongo mingi iliendelea kuua nyumbu wachanga. Kisha wafugaji waliozunguka mbuga walichanjiwa ng'ombe wao. Chanjo bora zaidi aliitengeneza Walter Plowright huko Muguga, Kenya. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja, lakini virusi vilikosa ng'ombe wa kuvihifadhi, na mapema miaka ya 1960 vikatoweka porini. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa zaidi ya milioni moja. Walikula nyasi ambazo zamani zilibaki kuwa chakula cha moto. Moto ukapungua, miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua, miti ikarudi.

Ndiyo maana uthabiti wa mfumo ikolojia haupimwi kwa utulivu unaoonekana kwa macho. Mwaka 1973 mwanaikolojia Crawford Holling alitenganisha mambo mawili: kubaki palepale bila kuyumba, na kuweza kupigwa, kuyumba, kisha kuendelea kuwa mfumo uleule. Serengeti inaishi kwa hilo la pili. Ukame wa mwaka 1993 uliua nyumbu kwa maelfu mengi, lakini idadi yao ilipanda tena.

Nyumbu waliinuka kwa sababu wana pa kwenda. Mvua ikinyesha huzalia kwenye tambarare za kusini, ambako udongo wa majivu ya volkano hutoa nyasi zenye madini mengi. Kiangazi huwasukuma kaskazini hadi Mto Mara, karibu maji pekee ya kutegemewa wakati huo. Chanzo cha mto huo ni msitu wa Mau, Kenya, ambao umekatwa sana. Nyumbu akifungiwa njia kwa uzio, au Mara ukikauka, ukame unaofuata hautamsamehe kama ule wa 1993. Serikali za Kenya na Tanzania ziulinde msitu wa Mau na njia za nyumbu kwa mpango mmoja, kabla ukame huo haujafika.