Jonah Lomu: Jabali la raga na figo zilizomwangusha

Usiku wa tarehe 15 Julai 2000, watazamaji 109,874 walifurika katika Uwanja wa Australia mjini Sydney kushuhudia pambano la raga kati ya wenyeji, waliokuwa mabingwa wa dunia, na majirani zao New Zealand. Zikiwa zimesalia dakika chache, Australia ilikuwa mbele kwa alama 35 dhidi ya 34. Ndipo mpira ulipomfikia Jonah Lomu, upande wa kushoto. Alimponyoka mlinzi aliyejaribu kumzuia, akauambaa mstari wa pembeni pasipo kuukanyaga, kisha akauweka mpira chini. New Zealand ikashinda kwa 39 dhidi ya 35, na hadi leo wapo wanaolitaja pambano hilo kuwa bora kuliko yote yaliyowahi kuchezwa.

Mtu aliyefunga alama hizo za ushindi alikuwa mgonjwa wa figo. Watu wa raga walijua hivyo tangu miaka kadhaa nyuma. Jambo ambalo wengi hawakulijua ni uzito wa ugonjwa wenyewe, na jinsi ulivyokuwa umeanza kuula mwili ule mapema kuliko ilivyodhaniwa.

Lomu alizaliwa mjini Auckland tarehe 12 Mei 1975, mtoto wa wazazi waliotoka Tonga. Sehemu ya utoto wake aliishi kwa jamaa zake huko Tonga, kisha akarudishwa kwa wazazi na kukulia kusini mwa Auckland, ambako wahamiaji wengi wa visiwa vya Pasifiki walikuwa wamejenga makazi, na ambako magenge ya vijana yalikuwa tishio kwa kila mzazi. Ili kumwepusha na mitaa hiyo, alipelekwa katika shule ya bweni ya Wesley College. Huko ndiko raga ilikomtoa.

Kwa wasioufahamu vyema mchezo huo, alama kubwa kuliko zote hupatikana kwa trai: mchezaji anauchukua mpira hadi nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini, na timu yake inapewa alama 5. Winga, anayecheza pembezoni mwa uwanja, ndiye anayetarajiwa kufunga trai nyingi. Kwa desturi ya wakati ule winga alikuwa mtu mwepesi, wa kukwepa na kuchomoka. Lomu alikuwa na urefu wa mita 1.96 na uzito uliokaribia kilo 120, kimo cha wale wanaosukumana katikati, na bado aliweza kukimbia mita 100 kwa chini ya sekunde 11. Shuleni alikuwa amezoea kucheza miongoni mwa hao wa katikati. Kumhamishia pembeni lilikuwa jaribio, na mwanzoni halikuleta faraja. Alipoichezea timu ya taifa, All Blacks, kwa mara ya kwanza mwezi Juni 1994, akiwa na miaka 19 na siku 45, alikuwa mchezaji mdogo kuliko wote waliowahi kuvaa jezi hiyo katika mechi rasmi ya kimataifa. Ufaransa iliishinda New Zealand siku hiyo, ikaishinda tena wiki iliyofuata, naye akaachwa kando.

Nusura aachwe pia katika kikosi cha Kombe la Dunia la 1995 nchini Afrika Kusini. Katika mazoezi ya maandalizi alikuwa akichoka upesi, na waliomwona walidhani ni uvivu wa kijana mwenye kipaji. Baadaye Lomu mwenyewe aliamini kwamba figo zilikuwa zimekwisha kuanza kuharibika.

Hata hivyo alikwenda. Tarehe 18 Juni 1995 mjini Cape Town, katika nusu fainali dhidi ya England, alifunga trai 4. Ile ya kwanza, iliyopatikana dakika za mwanzo kabisa, ndiyo inayorudiwa kwenye runinga kila raga inapozungumzwa: alimzunguka Tony Underwood, akamponyoka nahodha Will Carling, kisha badala ya kumkwepa Mike Catt akampitia juu kana kwamba hakuwapo. New Zealand ilishinda kwa 45 dhidi ya 29. Katika fainali, wiki moja baadaye mjini Johannesburg, Afrika Kusini ilimzingira kwa walinzi wawili, watatu, na ikatwaa kombe kwa 15 dhidi ya 12 baada ya muda wa nyongeza. Katika mechi zote za kimataifa alizocheza dhidi ya Afrika Kusini, Lomu hakufunga hata trai moja.

Mashindano hayo yalibadili raga yenyewe. Mchezo huo ulikuwa bado wa ridhaa, bila mishahara rasmi. Katika siku hizo hizo za fainali, vyama vya Afrika Kusini, New Zealand na Australia vilitangaza mkataba wa haki za televisheni wa dola za Marekani milioni 555 kwa miaka 10 na kampuni ya Rupert Murdoch, na mwezi Agosti 1995 raga ikaruhusiwa rasmi kuwa ya kulipwa. Si haki kusema kwamba mtu mmoja ndiye aliyeyaleta hayo, lakini televisheni ilikuwa imempata mtu wa kumwonyesha dunia.

Ugonjwa wake hushambulia vichujio vidogo vilivyomo ndani ya figo. Katika figo nzima, vichujio hivyo hutoa uchafu na kubakiza protini ndani ya damu. Vikiharibika, protini huvuja pamoja na mkojo, mwili hujaa maji na kuvimba, na nguvu hupotea. Mwaka 1997 Lomu alikaa nje ya uwanja kwa miezi mingi akitibiwa kwa dawa kali. Alirejea, akashinda medali ya dhahabu ya raga ya wachezaji saba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1998 mjini Kuala Lumpur, na katika Kombe la Dunia la 1999 akafunga trai 8. Zikijumlishwa na 7 za mwaka 1995 zinakuwa 15, rekodi ambayo ilifikiwa tu mwaka 2015 na Bryan Habana wa Afrika Kusini.

Mechi yake ya mwisho kwa All Blacks ilikuwa Novemba 2002 dhidi ya Wales. Kwa jumla alicheza 63 na kufunga trai 37. Mwaka uliofuata figo zilishindwa kabisa, akawa anasafishwa damu kwa mashine, na mishipa ya fahamu ya miguu ikaathirika kiasi kwamba mtu aliyewakimbiza walinzi wa dunia nzima alipata taabu hata kutembea.

Aliyemwokoa ni rafiki. Grant Kereama, mtangazaji wa redio wa Wellington, alijitolea kumpa figo yake moja, na upandikizaji ukafanyika Julai 2004. Wengi wangeshukuru na kupumzika. Lomu alirudi uwanjani, akasajiliwa na Cardiff Blues ya Wales mwishoni mwa 2005, akavunjika kifundo cha mguu miezi michache baadaye. Akajaribu tena nyumbani mwaka 2006 na timu ya North Harbour, akitumaini kurudi All Blacks. Kasi ya zamani haikurudi. Mwaka 2007 alistaafu.

Figo ya Kereama ilidumu hadi 2011, mwili ulipoikataa. Lomu akarudi kwenye mashine akisubiri figo nyingine. Alikuwa amepata watoto wawili wa kiume, na alipata kusema kwamba tamanio lake ni kuwaona wakitimiza miaka 21. Wakati wa Kombe la Dunia la 2015 alikuwa Uingereza, akihudhuria hafla na kuwasalimu mashabiki, huku ratiba yake ikipangwa kuzunguka siku za kusafishwa damu.

Alifariki ghafla nyumbani kwake Auckland tarehe 18 Novemba 2015, mara tu baada ya kurejea kutoka safari hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 40, na wanawe walikuwa na miaka 6 na 5.