Mwarubaini: Jina moja, miti miwili

Msomaji wetu wa Kagio, kaunti ya Kirinyaga, anauliza kuhusu mti uliojiotea uani mwake. Majirani wanamwambia ni mwarubaini, achemshe majani anywe. Yeye ana shaka, kwani mwarubaini aliouona Mombasa haukuwa na maua ya zambarau. Shaka hiyo ina msingi.

Nomino “mwarubaini” (au “mwarobaini”) iko katika ngeli ya U-I: mwarubaini umekua, miarubaini imekua. Imetokana na “arubaini”, neno lenye asili ya Kiarabu, kwa kuwa mti huu husemekana kutibu maradhi arubaini. Sasa, jina likishabeba sifa ya dawa, huhamia upesi kwa mti wowote unaofanana na ule wa kwanza. Ndivyo jina hili lilivyoangukia pia mti wa Melia, unaostawi hata penye baridi.

Wataalamu nao hawakuepuka utata huo. Mwaka 1753, Linnaeus aliiweka miti yote miwili katika jenasi moja: Melia azadirachta na Melia azedarach. Mwaka 1830, de Jussieu aliutenga ule wa kwanza, ukawa Azadirachta indica, mwarubaini wetu halisi. Kumbe “azadirachta” na “azedarach” zote zina asili ya Kiajemi, azad dirakht, yaani mti huru!

Tutofautishe vipi basi? Tazama jani. La mwarubaini halisi lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili, kingo zake zikiwa na meno kama msumeno. La Melia, kikonyo hugawika tena kuwa vikonyo vidogo kabla ya vijani. Maua ya mwarubaini ni meupe. Ya Melia ni ya zambarau. Tunda la mwarubaini ni refu kidogo kama zeituni. La Melia ni la mviringo, na hubaki mtini hata majani yakishapukutika. Uchungu si kipimo, maana yote miwili ni michungu.

Si suala la sarufi tu hili. Matunda ya Melia yana sumu. Mtoto akiyala anaweza kutapika, kuharisha, hata kupata degedege. Mwarubaini halisi nao si wa kunywa ovyo: mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru watoto wachanga.

Kwa hivyo ndugu msomaji, usichemshe chochote kwanza. Kata kitawi chenye majani, maua na matunda, ukipeleke kwa wataalamu wa mimea katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi. Jina la mtaani hutuambia watu wanautarajia mti ufanye nini; jani ndilo hutuambia ni mti gani.