Kifaru alivuka na karatasi, kasuku akavushwa kwa magendo

Na Mwandishi Wetu, ENTEBBE

MWAKA 2001 vifaru weupe wawili, dume na jike, walitoka Kenya wakaingia Uganda. Dume wa aina hiyo akikomaa hupita tani mbili. Huwezi kumfunika kwa turubai ukasema ni viazi, wala kumpitisha njia za panya usiku wa manane. Walikuja kwa makubaliano na kwa vibali, wakapelekwa Entebbe.

Mwaka 2022 kasuku wa kijivu zaidi ya 100 walikamatwa upande wa Bunagana, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kasuku mmoja ana gramu 400 hivi, hafikii nusu kilo ya sukari. Hao walikuja kwa magendo. Nao wakapelekwa Entebbe.

Wageni hao wa aina mbili walipokelewa mahali pamoja: kituo cha taifa cha elimu ya uhifadhi wa wanyamapori, kilicho kando ya Ziwa Victoria, ambacho abiria na makondakta wa Kampala wanakiita kwa kifupi "zuu". Msimu huu wa masika, Pasaka ikiwa imeangukia katikati yake na shule zikielekea kufunga muhula wa kwanza, ndipo lango lake linapojaa watu kuliko siku za kawaida. Familia zinakuja na vikapu vya chakula. Shule zinakuja na mabasi. Lakini kuna mgeni mmoja ambaye angefaidika zaidi ya wote na bado haonekani sana hapa: mfanyabiashara wa kuvuka mpaka.

Makala haya yanaandikwa kwa ajili yake.

Nyumba ya yatima iliyogeuka darasa

Kituo hiki kilianza mwaka 1952, wakati wa ukoloni, kama nyumba ya kulea wanyama yatima: waliookotwa porini bila mama, waliojeruhiwa, na walionyang'anywa watu waliokuwa wakiwafuga kinyume cha sheria. Baadaye kikawa bustani ya wanyama ya mtindo wa zamani, mnyama ndani ya kizimba cha chuma na watu nje wakimrushia njugu.

Mwaka 1994 kilibadilishwa mwelekeo, elimu ikawa kazi yake ya kwanza. Leo mgeni anatembea katika maeneo yaliyopangwa kufanana na mandhari ya Uganda yenyewe: mbuga ya nyasi, kinamasi, na msitu wa mvua. Katika mbuga utawaona vifaru na pundamilia. Upande wa kinamasi amesimama korongo nyangumi, yule ndege wa rangi ya majivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, ambaye anaweza kukaa muda mrefu bila kutikisika hata ukadhani ni sanamu. Msituni wako sokwe, na kelele zao unazisikia kabla hujawaona.

Wengi wa wanyama hawa hawakununuliwa ili wapambe bustani. Waliletwa kwa sababu mtu aliwatoa porini na mtu mwingine akawakamata njiani. Kwa hiyo kila mnyama ana safari yake, na safari nyingi zinapita katika barabara zile zile tunazopita sisi na mizigo yetu.

Masika ni wakati wa kujifunza

Wapo wanaodhani msimu wa mvua si wakati wa kutembelea wanyama. Ni kweli kuna matope, na mwavuli si wa kuachwa nyumbani. Lakini masika yana mambo yake. Maji yamejaa kinamasini, majani ni mabichi, na minana wanafuma viota vyao kwa nguvu zote. Jua si kali, kwa hiyo wanyama hawajifichi kivulini mchana kutwa.

Huu pia ni wakati wa ndege wahamiaji kuaga. Katika ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, membe wa mabawa meupe hukaa kwa makundi makubwa tangu Oktoba. Ikifika Aprili manyoya yao yanageuka meusi, wanaondoka kurudi Ulaya na Asia kuzaliana, kwani huko majira ya baridi yamekwisha na machipuko yameanza. Ghuba hiyo iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Ndani ya kituo, programu kwa umma ni za namna nyingi. Ipo ziara ya kawaida na mwongozaji, anayekueleza kila mnyama ametoka wapi na amefikaje. Ipo ziara ya nyuma ya pazia, ambapo mgeni anaingizwa jikoni kuona chakula kinavyopimwa na kukatwa. Ipo nafasi ya kushinda siku nzima kama msaidizi wa mtunza wanyama, ukibeba ndoo na kusafisha mabanda. Watoto nao wana shughuli zao za likizo, na vikundi vya shule hupewa masomo kulingana na umri.

Anayefanya usafi wa banda la tembo asubuhi moja hujifunza hesabu ambayo kila muuza duka anaielewa: mnyama mmoja anakula kiasi gani kwa siku, na nani analipia. Kumtoa mnyama porini ni kazi ya saa chache. Kumlisha baada ya hapo kunaweza kuchukua miaka 40.

Kwa nini kasuku haruki

Simama mbele ya kasuku wa kijivu, huyo mwenye mkia mwekundu. Ni ndege wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, kupitia Kongo mpaka Uganda, na mabaki yake machache yanafika magharibi ya Kenya na kaskazini-magharibi ya Tanzania. Hutaga mayai machache tu kwa mwaka, ndani ya tundu la mti mkubwa. Mti ukikatwa, nyumba imekwenda. Kwa kuwa anajua kuiga sauti ya binadamu, amekuwa bidhaa, na hapo ndipo balaa lake lilipoanzia.

Wategaji humnasa kwa ulimbo uliopakwa matawini. Gundi inaharibu manyoya. Kisha mabawa yanakatwa ili asiruke, na ndege wengi wanasongamanishwa katika sanduku moja bila hewa wala maji ya kutosha. Wengine hufa njiani. Mchuuzi wa ndege ameshapiga hesabu ya vifo hivyo katika bei, kama sisi tunavyopiga hesabu ya nyanya zitakazooza kabla ya kufika sokoni.

Wanaofika Entebbe wakiwa hai huwekwa kwanza karantini, mbali na ndege wengine, ili wasiambukize ugonjwa. Daktari wa wanyama huwapima. Wanapewa chakula na maji taratibu, maana mwenye njaa ya siku nyingi hashibishwi kwa mara moja. Halafu inabaki kungoja. Unyoya uliokatwa hauoti tena hapo ulipokatwa. Lazima shina lake lidondoke lenyewe na jipya liote, na hilo linaweza kupita mwaka. Ndege aliyepotezwa siku mbili njiani anarudishiwa mabawa yake kwa miezi na miezi, kama anabahatika kuyapata.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapoanza kusikiliza kwa sikio lingine. Mzigo ule ulipakiwa na nani? Gari lilikuwa la nani? Dereva alijua?

Mzigo wa mtu na gari lako

Mara nyingi anayenaswa siye mwenye mali. Ni dereva aliyeombwa "nifikishie boksi hili, utapokewa stendi". Ni mama wa dagaa aliyekubali gunia la mwenzake liwekwe juu ya magunia yake. Ni utingo aliyepewa pesa ya chai. Mwenye mali yuko mbali na simu yake imezimwa.

Waliotutangulia walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Basi tuwashe taa kidogo.

Mwaka 2016, katika mkutano wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg, kasuku wa kijivu na aina zote nane za kakakuona waliingizwa katika daraja la ulinzi wa juu kabisa. Maana yake ni kwamba biashara ya kimataifa ya viumbe hao wakitolewa porini imefungwa, wawe hai au wafu, wazima au magamba matupu. Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama wa mkataba huo. Meno ya tembo yalikwishapigwa marufuku zamani. Meno ya kiboko, ambayo wengi hudhani hayana shida, nayo yamo katika orodha ya mkataba, na hayavuki mpaka bila kibali.

Sheria za nyumbani nazo zimekaza. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaruhusu adhabu ya hadi kifungo cha maisha, au faini ya hadi shilingi bilioni 20 za Uganda, au vyote viwili, kwa makosa yanayohusu viumbe walio hatarini kutoweka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 nayo ina adhabu zinazofikia kifungo cha maisha. Juu ya hapo, mahakama inaweza kuamuru gari lililobeba mzigo litaifishwe. Kwa mwenye Fuso moja aliyoinunua kwa mkopo, hiyo peke yake ni kufilisika.

Kuna kosa jingine linalosikika sana mipakani. Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaruhusiwa kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kwa mali isiyozidi dola 2,000 za Marekani na iliyomo katika orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho kinasaidia kwenye ushuru wa forodha. Hakichukui nafasi ya vibali vingine, na hakimfanyi kasuku, kobe wa porini, ngozi ya chatu au nyama ya porini iliyokaushwa kuwa bidhaa halali. Anayekuambia "tuna cheti, tutapita" ama hajui, ama anataka wewe ndiye usijue.

Kanuni ni nyepesi. Mzigo usioufungua usiupakie. Mwenye mzigo asipotaka ufunguliwe mbele yako, mrudishie na pesa yake.

Wale waliokuja na vibali

Turudi kwa vifaru. Uganda ilikuwa na vifaru wake wa asili. Vita na ujangili viliwamaliza, na kufikia mwaka 1983 porini hakubaki hata mmoja. Mtoto aliyezaliwa Kampala baada ya hapo alimjua kifaru kwa picha tu, hadi wale wawili walipofika Entebbe kutoka Kenya mwaka 2001.

Mwaka 2005 wengine wanne wakatoka Kenya kwenda hifadhi ya Ziwa, kaskazini ya Kampala katika barabara ya Gulu, na baadaye wakaongezwa kutoka Marekani. Mwaka 2009 alizaliwa ndama huko, wa kwanza katika ardhi ya Uganda kwa zaidi ya robo karne. Tangu hapo wameendelea kuongezeka.

Huo nao ulikuwa usafirishaji wa wanyama kuvuka mpaka. Tofauti ni kwamba kila hatua ilikuwa na karatasi, daktari, na mtu wa kujibu maswali. Jirani alikuwa nacho, jirani mwingine hakuwa nacho, wakapatana. Biashara ya ujirani mwema tunaijua hivyo hivyo katika mahindi, vitenge na saruji.

Namna ya kufika

Tuseme umekuja Kampala kufungasha mzigo Kikuubo au Owino. Mzigo umefungwa, basi lako la Busia, Mutukula au Katuna linaondoka usiku. Mchana mzima uko mikononi. Wengi tunaumalizia tumekaa juu ya magunia.

Entebbe iko kilomita 40 hivi kutoka Kampala. Teksi za abiria, zile tunazoziita matatu Kenya na daladala Tanzania, zinakwenda siku nzima, na kutoka Entebbe mjini ni mwendo mfupi wa bodaboda. Kituo kinafunguliwa kila siku. Ondoka asubuhi, kwa kuwa msongamano wa jioni kurudi Kampala haumhurumii mwenye tiketi ya basi. Beba kitambulisho chako, kwani viingilio hutofautiana kati ya wenyeji na wageni. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014, hivyo safari ya familia haihitaji pasipoti kwa kila mtu mzima; kwa watoto, uliza masharti kwanza kabla ya kuondoka nyumbani.

Mwenye nafasi zaidi anaweza kulala, kwani kituo kina nyumba za wageni ndani ya uzio wake. Na kwa boti kutoka Entebbe kuna kisiwa cha Ngamba, umbali wa kilomita 23 ziwani, ambako tangu mwaka 1998 wanatunzwa sokwe yatima, wengi wao waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi.

Kama likizo hii utakuja na mtoto, mpeleke kwa kasuku mapema, kabla hajachoka. Atakuuliza kwa nini ndege mwenye mabawa amekaa tawini kutwa nzima bila kuruka. Mwongozaji anaweza kumjibu. Lakini wewe unayelala stendi na kuzijua barabara zote za mpakani unaweza kumjibu vizuri zaidi, na jibu hilo ataliamini kwa sababu limetoka kwako.