«Rescue Me»: Sababu gani seri ya wazima moto ilimalizika siku nne mbele ya Septemba 11?

Siku ya Jumatano tarehe 7 Septemba 2011, televisheni FX ya Marekani ilipitisha kipande cha mwisho cha seri «Rescue Me». Siku nne kisha, mji wa New York ulikuwa unakumbuka miaka 10 tangu minara miwili ya World Trade Center kuanguka. Tarehe hizo mbili hazikukaribiana kwa bahati. Seri hii ilizaliwa kutokana na msiba ule, na wenye kuitengeneza walitaka ifungwe karibu na kumbukumbu yake.

Inaeleza maisha ya wazima moto, wale ambao wengi mjini Goma na Bukavu wanaita mapompie. Lakini mara nyingi mwenye kuitazama haoni moto. Anaona wanaume wamekaa kwenye meza ya kikosi, wanakula, wanatukanana na kucheka, na kila mmoja ana jambo fulani ambalo hataki kusema. Ulizo la seri nzima ni hili: moto ukishazimika, mzigo unabaki kwa nani?

Ni seri gani hii?

«Rescue Me» ilianza mwezi wa Julai 2004 na ilikuwa na misimu 7, vipande 93. Ilitungwa na Denis Leary pamoja na Peter Tolan. Leary mwenyewe anacheza Tommy Gavin, mzima moto wa New York, hodari sana kazini lakini nyumbani mambo yamemshinda. Anakunywa pombe kupita kiasi, ndoa yake imevunjika, na kila mara anaona watu waliokwisha kufa wanakuja kuongea naye. Wa kwanza kati yao ni Jimmy Keefe, ndugu yake wa ukoo na mzima moto mwenzake, aliyekufa Septemba 11.

Tommy na kikosi chake ni watu wa kutungwa tu. Msiba wanaoubeba ulitokea kweli.

Septemba 11 ilifanya nini kwa wazima moto?

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, ndege mbili zilizotekwa ziligonga minara ya World Trade Center. Wakati raia walikuwa wanashuka ngazi mbio, wazima moto walikuwa wanapanda, kila mmoja na mzigo mzito wa vyombo mgongoni. Mnara wa kusini ulianguka saa tatu na dakika 59 za asubuhi. Wakubwa walitoa amri ya kutoka katika mnara wa kaskazini, lakini redio za mkononi hazikusikilika vizuri, na wengi ndani ya mnara hawakuipata ile amri. Saa nne na dakika 28 nao ukaanguka.

Idara ya wazima moto ya New York ilipoteza watu 343 kwa siku moja. Kuna vikosi ambavyo zamu nzima haikurudi. Miili ya wengi haikupatikana, na jamaa zao walifanya kilio bila kuwa na kitu cha kuzika.

Leary alijua nini juu ya kazi hii?

Denis Leary alizaliwa mjini Worcester, jimbo la Massachusetts. Tarehe 3 Desemba 1999, jengo kubwa la zamani la kuhifadhia vyakula ndani ya baridi liliwaka moto mjini humo. Jengo lilikuwa karibu halina dirisha, kwa hiyo moshi haukuwa na pa kutokea. Wazima moto walisikia kwamba kuna watu wasio na makao wanaolala humo, wakaingia kuwatafuta. Wawili wakapotea njia ndani ya giza la moshi. Wengine wanne wakaingia kuwatafuta wale wawili, nao hawakutoka.

Walikufa watu sita. Mmoja wao, Jerry Lucey, alikuwa ndugu wa ukoo wa Leary. Na wale waliokuwa wanatafutwa? Walikuwa wameshatoka kitambo, mbele hata ya wazima moto kufika.

Mwaka 2000 Leary alianzisha shirika la kusaidia wazima moto kupata vyombo na mafunzo. Wakati alianza kutengeneza seri, aliomba mzima moto wa kweli wa New York amshauri juu ya kazi hiyo. Ndiyo maana hata matani ya kikosini, yale makali ambayo mtu wa nje anaweza kuzania ni ugomvi, yanaonekana kama ya watu wanaojuana kweli.

Msimu wa mwisho unaonyesha nini?

Msimu wa saba ulianza tarehe 13 Julai 2011 na una vipande 9 tu. Ndani yake miaka 10 inakaribia, na waandishi wa habari wanataka wazima moto waeleze tena siku ile mbele ya kamera. Wengine hawaoni ubaya. Tommy hataki.

Nyumbani kuna vita ingine. Mke wake Janet ana mimba na anamuomba aache kazi. Ana haki ya kuogopa, juu mfano uko karibu: Damien, mtoto wa marehemu Jimmy, alifuata kazi ya baba yake, akaumia kichwa vibaya akiwa kazini. Sasa anakaa ndani ya kigari cha wagonjwa, na mama yake Sheila, ambaye moto ulikwisha kumchukulia mume, anamlisha na kumvalisha kama mtoto mchanga. Anayelipa bei ya kazi hii si mzima moto peke yake.

Kipande kinachotangulia cha mwisho kinamalizika na mlipuko, na kikosi kizima kiko ndani ya jengo linalowaka. Kipande cha mwisho kinafunguka na majeneza mengi yamepangwa kanisani. Kumbe ni ndoto ya Tommy. Katika ukweli amekufa mmoja tu: Lou, mkubwa wake na rafiki yake wa karibu kuliko wote.

Mwili wa Lou unachomwa, na majivu yake yanawekwa ndani ya chombo. Halafu, ndani ya gari, upepo unayapeperusha majivu na yanawamwagikia wenzake. Wanafanya nini? Wanajaza chombo na unga wa keki. Mtazamaji anacheka na wakati huo huo anaona vibaya kucheka. Seri hii ilifanya hivyo tangu mwanzo: watu hawa wanachekeshana ili waweze kurudi kazini kesho yake.

Je, Tommy anapona?

Hapana, na hapo ndipo mwisho wake ni wa kweli. Mwanzoni kabisa, mwaka 2004, Tommy alisimama mbele ya vijana wapya na kuwahesabia wenzake waliokufa Septemba 11, kwa hasira na majivuno. Mwishoni anasimama tena mbele ya vijana wengine. Wafu wameongezeka, majivuno yamepungua. Kazi hakuiacha. Kisha anarudi kwenye gari lake na kumkuta Lou amekaa kando yake, wanaongea kama zamani. Mzimu umebadilika tu jina.

Nini ilifuata kisha seri kwisha?

Wale waliofanya kazi miezi mingi kwenye kifusi cha minara walivuta vumbi la saruji, vioo na asbesto. Wengi walianza kukohoa, kisha magonjwa ya mapafu na kansa yakafuata. Tarehe 2 Januari 2011, Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya kuwatibisha, iliyopewa jina la polisi James Zadroga, aliyefariki mwaka 2006. Kansa iliongezwa katika magonjwa yanayolipiwa mwaka 2012, wakati seri ilikuwa imekwisha. Mwaka 2015 matibabu yaliongezewa muda mpaka mwaka 2090, ili hata aliyekuwa kijana siku ile atunzwe hadi uzee.

Mwezi wa Septemba 2023, idara ya wazima moto ya New York ilitangaza kwamba watu wake waliokufa kwa magonjwa ya vumbi hilo wamefika 343. Ni hesabu ile ile ya siku minara ilipoanguka.