Rais wa Kampuni na Timu ya Rali: Tumpime kwa Mizani Gani?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga. Lakini je, wapenzi wasomaji, kila kinachojiuza ni chema kweli?

Nauliza hivi kwa sababu kila Safari Rali inapofika Naivasha, ubishi huzuka hata huku kwetu Garissa, ingawa magari yenyewe hayavuki daraja la Tana kuja kutusalimu. Wako wanaosema, "Toyota hushinda kwa sababu ya mkubwa wao, yule Akio Toyoda." Wengine hucheka: "Wee bwana, rais wa kampuni anajua nini? Yeye kazi yake si kutia sahihi tu? Anayeshinda ni dereva." Makala haya yanajaribu kueleza jinsi ya kumpima kiongozi wa namna hii bila ushabiki.

KAZI YA RAIS NI IPI?

Kwanza tufahamu ngazi zilivyo. Ndani ya gari la rali mna watu wawili: dereva na msaidizi wake anayemsomea njia. Nyuma yao kuna mafundi, na juu ya mafundi kuna mkuu wa timu. Juu ya hao wote yuko rais wa kampuni. Huyu hagusi spana wala usukani siku ya mashindano, lakini mambo manne yako mkononi mwake. Ndiye anayeamua kama kampuni itashindana au itajitoa. Huteua wa kuongoza timu. Huamua fedha kiasi gani zitumike. Na mambo yakiharibika, ndiye anayepaswa kusimama mbele za watu na kujibu.

Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro Toyoda aliyeianzisha kampuni hiyo ya magari, alikuwa rais wa Toyota tangu Juni 2009 mpaka Machi 2023. Mwezi Aprili 2023 akawa mwenyekiti wa bodi. Hebu tumweke mizanini.

MIZANI YA KWANZA: VIKOMBE

Tukihesabu vikombe, hana mpinzani. Safari Rali ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kuwa nje tangu 2002. Toyota ilishinda 2021 kwa mkono wa Sébastien Ogier, 2022 kwa Kalle Rovanperä, 2023 kwa Ogier tena, 2024 kwa Rovanperä tena, na 2025 kwa Elfyn Evans. Mara 5 mfululizo! Mwaka 2022 na 2023 magari yake yalishika nafasi ya kwanza mpaka ya nne. Wengine walikula vumbi tu.

Waama, hizo ni sifa kubwa. Lakini tutue kidogo. Mwaka 2021 aliyekuwa akiongoza mpaka asubuhi ya siku ya mwisho alikuwa Thierry Neuville wa Hyundai. Gari lake likaharibika upande wa gurudumu, Ogier akapita. Je, hapo rais wa Toyota alifanya nini cha kusifiwa? Hakuna. Bahati nayo huenda rali.

Tena Toyota haikuanza kushinda Kenya enzi za Akio. Kati ya 1984 na 1995 ilishinda Safari Rali mara 8. Mwaka 1994 aliyeipa ushindi alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Na jina la Land Cruiser, lile gari linalobeba wagonjwa na maji kwenye mchanga wa Modogashe na kuingia Dadaab, lilianza kujengwa mwaka 1951, kabla Akio hajazaliwa. Mtoto aliyerithi ngamia mia hasifiwi kama aliyeanza na mmoja.

Vikombe vyaweza hata kuficha uozo. Mwaka huohuo wa 1995, katika rali ya Catalunya huko Hispania, timu ya Toyota iligunduliwa imechezea kifaa cha kupunguza hewa inayoingia kwenye injini, ili gari lipate nguvu kuliko ilivyoruhusiwa. Ikafungiwa miezi 12. Aliyeiongoza timu hiyo, Ove Andersson, hakuwa mtu mdogo. Yeye mwenyewe alishinda Safari Rali mwaka 1975 akiendesha Peugeot. Kumbe basi kikombe peke yake si shahidi wa kutosha.

MIZANI YA PILI: KUTANGULIA NJIANI

Wafugaji wa Kisomali wana neno sahan. Kabla boma halijahama, watu hutangulia kutazama malisho na maji kwa macho yao wenyewe. Mzee anayehamisha boma kwa kusikia uvumi tu atawaua mifugo kwa kiu. Toyota nayo ina mafundisho yanayofanana na hayo: nenda mahali penyewe, ukaone mwenyewe.

Kwa upande huu Akio anastahili heshima. Kabla ya kuwa rais, alijifunza kuendesha kwa kasi chini ya Hiromu Naruse, dereva mkongwe wa majaribio, ambaye hakumwonea haya mtoto wa mwenye kampuni. Alimfahamisha waziwazi kwamba asiyejua kuendesha hana haki ya kutoa maoni juu ya gari. Mwaka 2007 wakashiriki pamoja mashindano ya saa 24 ya Nürburgring, Ujerumani, wakiwa na magari yaliyokwisha kutumika na bila hata kupewa jina la Toyota. Akio akajiita Morizo. Naruse alifariki mwaka 2010 katika ajali akijaribu gari, lakini mwanafunzi wake hakuacha usukani.

Ndiyo maana uteuzi wake ulikuwa na akili. Alipotaka kurudi kwenye rali za dunia, kazi alimpa Tommi Mäkinen wa Finland, bingwa wa dunia mara 4, ambaye Safari Rali zake za 1996 na 2001 alizishinda akiwa na Mitsubishi. Yaani alimchukua aliyekuwa mpinzani! Timu ikawekwa Finland, nchi ya rali, si Japani karibu na ofisi ya mkubwa. Ilianza 2017, na mwaka 2018 ikatwaa ubingwa wa watengenezaji.

MIZANI YA TATU: SIKU YA KUSHINDWA

Kiongozi hajulikani siku ya ngoma, hujulikana siku ya kilio. Miezi michache tu baada ya kushika urais, Akio aliiondoa Toyota katika Formula One. Kampuni ilikuwa na hasara, na timu ilikuwa imeshindana tangu 2002 bila kushinda hata mbio moja. Wapenzi wa mbio walilia. Lakini kujua wakati wa kuacha pia ni uongozi. Boma halikai kwenye kisima kilichokauka kwa sababu tu babu alichimba hapo.

Mwaka 2016, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, gari la Toyota lilikuwa likiongoza likazimika zikiwa zimebaki dakika chache tu. Ebu fikirini! Mwaka uliofuata Akio alikwenda Le Mans mwenyewe, wakashindwa tena. Hakuwalaumu madereva. Aliwaomba radhi kwamba kampuni haikuwapa gari la kuwafikisha. Mwaka 2018 wakashinda, wakaendelea kushinda mpaka 2022. Wakubwa wangapi mnawajua wanaowaomba radhi walio chini yao?

MIZANI YA NNE: GARI LA MWANANCHI

Hapa ndipo penye kazi. Kampuni husema hushindana ili magari ya kawaida yawe bora. Kuna ukweli ndani yake: GR Yaris, lililotoka 2020, lilitengenezwa kutokana na mafunzo ya rali. Ila hilo ni gari la wenye nazo, na mitaa ya Garissa si yake.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2010 Toyota iliyaita mamilioni ya magari kwa sababu ya kasoro za kanyagio la mafuta na mazulia yanayoweza kulibana. Akio alihojiwa na kamati ya Bunge la Marekani tarehe 24 Februari 2010, akaomba msamaha. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wananchi kuhusu kasoro hizo. Kisha Juni 2024 Toyota ikakiri kwamba aina 7 za magari yake hazikupimwa ipasavyo wakati wa kuombewa vyeti vya serikali huko Japani. Miongoni mwake zilikuwamo Corolla Fielder na Axio, majina tunayoyaona kila siku kwenye steji zetu! Kampuni ilisema magari ni salama kuendeshwa, na Akio akainama mbele ya waandishi wa habari akaomba radhi. Hata hivyo, mwezi huohuo kura za wenyehisa za kumuunga mkono zilishuka hadi karibu asilimia 72, kutoka karibu 85 mwaka uliotangulia.

Ama kweli, mganga hajigangi. Mtu aliyefundisha wengine waende wakaone wenyewe hakuyaona yaliyokuwa yakifanyika ndani ya ua wake.

HUKUMU

Basi tuseme nini? Kama kiongozi wa timu ya mbio, Akio Toyoda amefaulu, na sababu kubwa si vile vikombe 5 vya Naivasha. Amefaulu kwa kuwa alijifunza kazi kabla ya kuiamrisha, aliwachagua wanaojua kuliko yeye, na aliubeba mzigo wa kushindwa. Kama mlinzi wa kampuni nzima, alama zake ni za wastani. Kiwanda si rali. Kwenye rali saa huonyesha ukweli papo hapo, na tairi likipasuka kila mtu analiona. Kwenye karatasi za vyeti uongo waweza kukaa miaka, na anayekuja kuulipia ni abiria wa Fielder aliyelipa nauli yake akisinzia kiti cha nyuma, hata jina la rais wa kampuni halijui.

Wenzangu, mizani hii si ya Wajapani peke yao. Tunapochagua viranja, au nahodha wa timu ya kandanda, au hata viongozi wa chama chetu hiki cha Kiswahili, aghalabu tunauliza jambo moja tu: ameshinda nini? Tuongeze maswali matatu. Je, kazi yenyewe anaijua? Siku tulipofungwa, alimlaumu nani? Na pale ambapo hakuna mtu anayetazama, mambo yanakwendaje? Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo tusilolipigia makofi.