Je, Wajua? Mtangazaji wa Kigoma Aliyeishia Bungeni

Je, wajua kuwa Baba Levo, aliyejulikana kama mtangazaji mwenye maneno mengi wa Wasafi FM, aliwahi kuwa diwani kabla hajazoeleka redioni?

Jina lake ni Clayton Chipando, na alianza na muziki. Mwaka 2012 alikuwamo katika Kigoma All Stars, kundi la wasanii wenye asili ya mkoa huo lililotoa wimbo wa Leka Dutigite. Humo walikuwamo pia Ali Kiba, Mwasiti na Diamond Platnumz. Aliyekuwa nyuma ya mpango huo ni Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini. Mwaka 2015 Baba Levo akashinda udiwani wa Mwanga Kaskazini, Kigoma mjini, kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, chama cha Zitto huyohuyo.

Baadaye akaingia Wasafi FM, redio ya Diamond. Hakujifanya mtu wa katikati: alijitangaza mwenyewe kuwa chawa wa bosi wake, tena kwa mbwembwe.

Oktoba 2025, safari hii akiwa CCM, alitangazwa mshindi wa ubunge wa Kigoma Mjini. Aliyeshindana naye kupitia ACT-Wazalendo ni Zitto, aliyelishika jimbo hilo kuanzia 2015 hadi 2020.